Matairi ya bei nafuu kwa gari la fowili: mtumba la Japani, H/T jipya au A/T?

RAV4 yangu ilipotoka bandarini Dar es Salaam, kilichonifurahisha kuliko injini kilikuwa matairi. Kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) nene, mpira mweusi tii, jina kubwa la Kijapani ubavuni. Nikaona nimeokoa gharama ya matairi kwa miaka miwili mizima. Miezi saba baadaye kashata zilikuwa zimelika kama sabuni, na jioni moja pale Mikese, mvua ya kwanza ya vuli ikiwa imelowesha lami kidogo tu, nilikanyaga breki nyuma ya lori na gari likaendelea kwenda. ABS inagonga mguuni, usukani unageuka, gari halisikii. Tuliponea kwenye bega la barabara, mimi, mke wangu na watoto wawili.

Kesho yake fundi tairi mmoja mjini Morogoro akapitisha kidole ubavuni mwa tairi na kunisomea neno ambalo sikuwahi kulitazama: STUDLESS. "Kaka, haya ni ya barafu," akasema. "Huku kwetu yanaisha kama kifutio."

Naandika ulinganisho huu kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi siku ile. Ana RAV4, Harrier, Forester, X-Trail, Escudo au Prado. Pesa ni ya kubana. Yuko Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, na muuzaji amemwekea mbele milundo minne: mtumba la Japani, tairi jipya la Kichina la lami (H/T), tairi jipya la Kichina la A/T, yaani la ardhi ya kila aina, lenye kashata za kutisha, na tairi la daraja la kati ambalo bei yake inauma. Kila mlundo anaambiwa ni wa "misimu yote". Mimi nimeendesha kwa mitatu kati ya hiyo, na kaka yangu anayelima Kilosa amelala na kuamka na A/T kwenye Prado yake, kwa hiyo ninayosema kuhusu A/T kwenye tope ni yake kuliko yangu.

Misimu yote ya nani?

Neno hilo limetoka Marekani na Ulaya, ambako tairi la kiangazi na tairi la baridi ni vitu viwili tofauti, na tairi la misimu yote ni lile linalojaribu kufanya kazi zote mbili. Ndiyo maana ubavuni utaona alama za theluji. Herufi M+S zinaeleza umbo la kashata tu, kwamba lina nafasi za kutosha kushika tope na theluji. Hakuna jaribio lililofanywa ili zipigwe pale. Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndio unaothibitisha kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji kweli.

Kwetu misimu ni mingine. Kuna masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati yake vumbi, mawe, na lami ambayo adhuhuri ya Januari hupita nyuzi 50 ukiiwekea kipimo. Tairi la misimu yote kwa Mtanzania au Mkenya ni lile linalovumilia joto hilo likiwa limebeba familia na magunia, kisha likashika lami yenye maji, kisha likafika kijijini bila kuvutwa na trekta. Theluji haimo.

Kwa hiyo M+S isikuvutie wala kukutisha. Ule mlima pia si kosa peke yake: Yokohama Geolandar A/T G015 na BFGoodrich KO2 wanao, na ni matairi yanayofanya kazi vizuri kwenye joto. Hatari ni neno STUDLESS. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi 7, huko Hokkaido, na juu ya lami ya Chalinze unakuwa kama ubani uliotafunwa. Utalitambua hata kama neno limefutika: kashata zimekatwakatwa vijistari vingi vyembamba vya zigizaga, ukibonyeza kwa ukucha panaingia, na herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Magari mengi yanayonunuliwa Japani wakati wa baridi hushuka melini yakiwa nayo. Bajeti ya gari iwe na matairi manne ndani yake tangu siku unapoliagiza.

Milundo minne ubavu kwa ubavu

Jedwali hili ni kwa gari lenye saizi ya kawaida, 225/65R17 au 265/65R17. Studless nimeiacha nje kwa sababu haistahili kulinganishwa.

| | Mtumba la Japani | H/T jipya, bei nafuu | A/T jipya, bei nafuu | Daraja la kati, jipya |
|---|---|---|---|---|
| Lami kavu | Zuri, kama si zee | Zuri | La kutosha, hunguruma | Zuri sana |
| Lami yenye maji | Hatari kashata zikiwa fupi | La kutosha, punguza mwendo | Dhaifu kuliko H/T | Hapa ndipo pesa yako ilipo |
| Vumbi na changarawe | Hupasuka ubavu mapema | Linapita, epuka mawe makali | Zuri sana | H/T zuri, A/T zuri sana |
| Udongo mweusi uliolowa | Hapana | Hapana | Kidogo tu | Kidogo tu |
| Mafuta | Kawaida | Kawaida | Huongeza ulaji | Kawaida |
| Maisha | Mafupi | Ya kati hadi marefu | Ya kati kwenye lami | Marefu |

Mtumba: hesabu ya milimita

Najua kwa nini watu wanapenda mtumba, maana hata mimi niliupenda. Jina ni kubwa, bei ni nusu au chini ya nusu, na muuzaji amelipaka dawa nyeusi linang'aa kama kiatu cha Idi. Lakini tairi hulinunui kwa kipande, unanunua milimita za kashata. Chukua rula ya mtoto wa shule uingie nayo dukani.

Tairi jipya la H/T huwa na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Chini kabisa ya mifereji kuna vijituta vya mpira, vimewekwa alama ya TWI au pembetatu begani, na kimo chake ni milimita 1.6. Kashata zikifika usawa wa vijituta hivyo tairi limekufa. Ila kwa mvua za kwetu mimi nasimama kwenye milimita 3, na nitaeleza sababu yake. Sasa piga hesabu ya mfano, uweke bei za kwenu mahali pa zangu. Tuseme mtumba lina milimita 4 na linauzwa 120,000. Umenunua milimita 1 ya kufanyia kazi kwa 120,000. H/T jipya lina milimita 8 na linauzwa 260,000. Umenunua milimita 5, kila moja kwa 52,000. Mtumba ndilo ghali, tena kwa zaidi ya mara mbili, kabla hatujagusa habari ya umri.

Na umri ndio unaoua. Tafuta ubavuni neno DOT na ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande ulioko nje hauna tarakimu hizo, pindua tairi, ziko upande wa pili. Mpira hukauka hata ukiwa umekaa stoo. Watengenezaji wakubwa wenyewe wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika 10 hata kama kashata zimejaa. Mtumba lililotumika Japani miaka 5, likasafiri kwenye kontena, likaanikwa juani nje ya duka pwani, halina cha kukupa kwenye safari ya Singida ukiwa umepakia mpaka kwenye keria.

Kuna ujanja mwingine unaoniumiza roho kila nikiuona: tairi kipara linachongwa upya kwa kisu cha moto, mifereji inarudi, linauzwa kama lina maisha. Tairi la gari dogo au SUV halikutengenezwa kuchongwa. Chini ya mfereji pamebaki mpira mwembamba juu ya nyaya, na kisu kimeula. Ukitaka kulijua, angalia vijituta vya TWI. Kama havipo, au vimekatwa katikati, au sakafu ya mfereji ina mikwaruzo ya kisu badala ya kuwa laini, ondoka dukani. Huyo muuzaji usinunue kwake hata valvu.

Je, kuna mtumba linalofaa? Lipo moja: lisilozidi miaka 3, kashata milimita 6 na kuendelea, halina kiraka ubavuni, na unalihitaji liwe spea. Zaidi ya hapo, hapana.

H/T jipya la bei nafuu

Herufi H/T ni tairi la barabara kuu. Mifereji mikuu mitatu au minne inayozunguka tairi lote, kashata zilizokaribiana, ubavu wa kawaida. Kwa mtu anayekaa Dar, Dodoma, Mombasa au Nairobi, anayetoka nje ya lami mara chache kwa mwezi, hili ndilo chaguo langu, na sisiti kulisema. Wengi wenye SUV mjini wako kwenye kundi hili hata kama roho zao ziko Serengeti.

Kwenye lami kavu haliachwi mbali na tairi ghali. Linadumu pia, kwa sababu mpira wake mara nyingi ni mgumu kidogo. Lakini ugumu huohuo ndio unaoulipia mvua ikinyesha. Majaribio ya vyama vya waendesha magari vya Ulaya, kama ADAC ya Ujerumani, yameonyesha mara nyingi kwamba matairi ya bei ya chini hupoteza alama zaidi kwenye breki za lami yenye maji. Hili ndilo pengo halisi kati ya mlundo wa pili na wa nne. Yote mawili yatakufikisha Arusha, lakini basi likisimama ghafla mbele yako pale Segera kwenye manyunyu, moja litasimama mapema kuliko lingine.

Fikiri kazi ya tairi kwenye maji. Upana wa milimita 225, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, maji ya kina cha milimita 3 barabarani: tairi moja linatakiwa kusogeza karibu lita 15 kila sekunde, ndoo nzima. Maji hayo yapite kwenye mifereji. Mifereji ikiwa imebaki milimita 2 hayana pa kupita, tairi linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama hakuna kitu chini. Ndiyo sababu yangu ya kusimama kwenye milimita 3, na ndiyo maana H/T jipya la bei ya chini naliweka mbele ya mtumba lenye jina, kwa sababu mifereji mipya ya kampuni ndogo inahamisha maji kuliko mifereji iliyokwisha ya kampuni kubwa.

Unawezaje kulijua lililo bora ndani ya mlundo wa bei nafuu? Soma ubavu. Matairi yaliyoandaliwa pia kwa soko la Marekani huwa na maneno matatu. TREADWEAR ni namba ya kudumu. Mtengenezaji hujipimia mwenyewe, kwa hiyo ilinganishe ndani ya kampuni moja tu. TRACTION hupimwa kwa kufunga breki kwenye lami na zege vilivyolowa, na daraja huanzia AA, A, B hadi C. TEMPERATURE ni uwezo wa kuvumilia joto la mwendo: A ni zaidi ya kilomita 185 kwa saa, B ni 160 hadi 185, na C ni chini ya hapo. Kwa hali ya hewa yetu, tafuta A kwenye traction na A kwenye temperature. B kwenye joto naipokea kwa gari la mjini lisilobeba sana, C siichukui. Na ukibahatika kukuta stika ya Umoja wa Ulaya haijabanduliwa, tazama ile picha ya wingu la mvua: madaraja ni A hadi E, na mimi siteremki chini ya C.

Sheria hii ya herufi imenisaidia kuliko maneno ya wauzaji wote niliokutana nao.

A/T: kwa nani hasa?

A/T ina kashata zilizoachana, kina cha milimita 10 hadi 12, na mabega yaliyochongwa. Inapendeza mno. Vijana wengi huinunua kwa macho, na simlaumu mtu kupenda gari lake lionekane shababi. Ila kashata kubwa zilizoachana maana yake mpira kidogo unagusa lami. Kwenye mvua mjini A/T la bei nafuu huteleza kabla ya H/T la bei hiyohiyo. Linanguruma likifika kilomita 80, na kelele huongezeka linavyozeeka. Mafuta yanapanda kidogo. Kwenye Forester au RAV4 inayoshinda kati ya Mbezi na Posta, unalipia mzigo usioutumia.

Upande wa pili wa maisha ni kaka yangu. Prado yake inapita lami mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote ni changarawe, visiki vya mahindi na makorongo. Kwanza alifunga H/T, la kampuni nzuri tu, akapasua ubavu mara mbili ndani ya msimu mmoja wa mavuno. Jiwe halitoboi pale mbele penye kashata, linachana ubavu, na ubavu hauzibwi. Alipohamia A/T hajapasua tena. Mtu anayekwenda Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka, kwenye yale mawe ya volkano, au anayefanya kazi za mradi Simanjiro, asifikirie mara mbili.

Kwa Prado, Hilux na Land Cruiser zinazobeba mzigo, angalia kama saizi imeanza na LT au imeishia na C. Hayo ni matairi ya mzigo, yenye ply (kipimo cha tabaka za uimara) 6, 8 au 10. Kwa RAV4 au X-Trail yaache. Ni mazito, yanaligongesha gari, na wala uzito huo huna.

Sasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na Usangu, au wa Mwea na Kitengela kwa wenzetu wa Kenya, nataka kusema ukweli ambao muuzaji hasemi. A/T haikuokoi. Mizunguko mitatu tu, udongo umejaa kwenye kashata, na unaendesha maandazi manne. M/T, lile tairi la tope lenyewe, ndilo linalojisafisha, lakini bei yake na makelele yake si ya ulinganisho huu. Dawa ya udongo mweusi ni kusubiri jua lipige saa mbili, au kuzunguka. Mchanga vilevile hauhitaji A/T: punguza upepo ufike psi 18 hadi 20, nenda taratibu bila kukata kona kali, na H/T linaelea vizuri kwa sababu halichimbi. Ubebe pampu ya kurudishia upepo kabla ya kupanda lami, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hujikunja, huchemka, na mikanda ya chuma ndani yake huachana.

Kipimo changu: kama chini ya robo ya kilomita zako ni nje ya lami, funga H/T. Ikizidi nusu, funga A/T. Katikati ya hapo tazama mawe. Barabara ya vumbi laini haihitaji A/T, ya mawe inaihitaji.

Majina

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilinyamaza zamani, na Nairobi kiwanda cha Yana kilifungwa 2016, kwa hiyo karibu kila tairi la SUV unaloona dukani limevuka bahari. Kwenye mlundo wa bei nafuu usinunue jina ambalo huwezi kujua limetoka kiwanda gani. Westlake na Goodride zote ni za ZC Rubber ya Hangzhou, na kashata zilezile huuzwa kwa majina yote mawili: SU318 ni ya lami, SL369 ni A/T. Ukizikuta zote mbili, chukua iliyo mpya zaidi kwa tarakimu za DOT, hata kama jina jingine linasifiwa. Triangle ya Shandong ina TR292 kwa A/T. Sailun wana Terramax, na Linglong wana Crosswind. Hizi ni kampuni kubwa zenye viwanda halali na si majina ya kubandika.

Daraja la kati kwangu ni Apollo Apterra ya India, Maxxis Bravo ya Taiwan, na ukijikaza kidogo Yokohama Geolandar, G056 kwa lami au G015 kwa A/T. Kama kila wiki unasafiri njia ndefu ya lami, Dar hadi Mbeya au Nairobi hadi Mombasa, ongeza pesa uingie hapa. Kwa mtu wa namna hiyo nisingeshauri ajibane kwenye tairi. Aahirishe redio mpya na taa za urembo. Kama kilomita zako ni za mjini kwa mwendo wa 50, mlundo wa pili unatosha na hujapungukiwa kitu.

Namba za saizi zinazookoa pesa

Hapa kuna akiba ambayo wachache wanaitumia. Harrier na RAV4 za kizazi cha tatu zilitoka kiwandani na saizi mbili kutegemea toleo: 225/65R17 na 235/55R18. Kipenyo chake karibu kinalingana, milimita 724 kwa 716. Lakini ubavu wa ile ya inchi 17 ni milimita 146, na wa ile ya 18 ni 129. Mwenye ringi za 18 akiuza na kununua za 17 anapata tairi la bei ndogo zaidi, linalopatikana kila mji, na lenye ubavu mnene wa kumeza mashimo. Nimeifanya mwenyewe na ninaipendekeza kwa moyo wote.

Usikubali kuongezewa saizi kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Prado inayotumia 265/65R17 ikifungwa 265/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803. Spidomita ikisema 100 wewe uko 103, na ukikata usukani mwisho tairi linaweza kusugua.

Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. 102 ni kilo 850 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120. Ukifungua mlango wa dereva utakuta bango lenye saizi na upepo. Namba ya mzigo ya tairi jipya isiwe chini ya iliyotoka na gari. Prado iliyojaa inakaribia tani 3, na nimeona ikifungwa tairi la gari kubwa la saluni kwa sababu ringi ziliingia. Hilo halina mjadala.

Mawili au manne?

Pesa ikibana mtu husema anunue mawili leo, mawili mwezi wa kumi. Kwa gari linalovuta mbele tu inawezekana, na yale mapya yafungwe nyuma hata kama mazoea ni kuyaweka mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza huwezi kuirudisha kwa usukani.

Kwa fowili inayovuta muda wote ni hadithi nyingine. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi robo inchi, na hiyo ukiigeuza kuwa kashata ni milimita 1 tu. Weka mawili mapya ya milimita 8 na mawili ya milimita 4, na gia inadhani siku nzima kwamba matairi yanateleza. Klachi ya kati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Fundi wa gia bei yake inazidi matairi yote manne ya daraja la kati. Prado yenye difu ya katikati inavumilia zaidi, lakini nayo haipendi. Kwa wenye Forester nasema bila kuzunguka: shuka daraja moja la jina ili upate manne ya kufanana, kuliko kununua mawili ghali. Na uyazungushe kila kilomita 10,000, mbele yaende nyuma, ili yaishe pamoja.

Ukishachagua, simama pale pale fundi akifunga. Kila tairi lisomwe DOT kabla halijapanda ringi, kwa sababu nimewahi kuonyeshwa jipya la mwaka huo kaunta na kuletewa la miaka 4 kutoka stoo. Valvu ziwe mpya. Balansi ifanywe yote manne, na alaimenti baada yake. Upepo ni wa bango la mlango. Mwambie fundi namba yako kabla hajaweka 40 ya mazoea. Ukifika kilomita 100 rudi ukazwe nati, na kilomita 200 au 300 za mwanzo usiyakimbize kwenye mvua, kwa kuwa mpira mpya una utelezi wa kiwandani juu yake mpaka ulike kidogo. Lile moja lililo bora katika yale manne ya zamani lisiachwe kwa fundi. Lifungwe kwenye ringi ya spea, lijazwe upepo, na liangaliwe kila unapoangalia mengine.